Ramadhani, Siku ya 11: Aliyeambiwa Mambo Matano na Watu Watano

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Alhamdulillah, tumefika kumi na moja. Wiki hii nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti, wawili baada ya tarawehe na mmoja kwa ujumbe wa simu. Swali lenyewe ni hili: "Ustadhi, nyumbani tuna mgonjwa wa kisukari cha sindano. Huyu katuambia asifunge, yule katuambia anaweza. Wewe unasemaje?" Nimeona nisijibu mmoja mmoja gizani pale uwanjani, nilete hapa tusome sote. Na kabla sijajibu, nina jambo la kukiri.

*Kisa chenyewe*

Ramadhani moja ya miaka ya nyuma, mama mmoja anayefanya biashara ndogo hapa Kariakoo alinijia baada ya Alasiri na kijana wake wa miaka kumi na tano. Nimemwomba idhini kabla ya kuandika haya, akaniambia, "Eleza, ustadhi, watu wafaidike. Ila usitutaje." Basi sitawataja.

Kijana alikuwa na kisukari tangu ana miaka tisa, anachoma insulini asubuhi na jioni. Mwaka ule alikuwa ameshabaleghe, na wenzake wote wa darasa la Qur'ani wanafunga. Akaona aibu. Mama yake akazunguka kuuliza.

Daktari wa hospitali anakochukulia dawa alimwambia asifunge kabisa. Mhudumu wa zahanati ya jirani akamwambia anaweza kufunga kama sukari yake iko vizuri. Muuzaji wa duka la dawa akasema, kama hali mchana basi asichome ile ya asubuhi, maana sindano bila chakula itamwangusha. Shangazi yake, ambaye naye ana kisukari, akasema dawa ni kuacha wali na ugali, yeye ameacha na sasa anameza kidonge kimoja tu, hiyo sindano ni mazoea.

Wa tano nilikuwa mimi. Nilikuwa nawahi kuandaa futari ya msikiti. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe jitahidi. Ukishindwa, fungua, dini ni nyepesi." Nikampiga begani, nikaondoka.

Siku ya nne yake, darasani baada ya Alasiri, kijana akaanza kutapika. Anapumua haraka haraka kama aliyekimbia. Wenzake wakasema ni njaa. Mzee mmoja akasema ni malaria. Mama mmoja aliyekuwa amekuja kumchukua mwanawe, Allah amlipe, ndiye aliyesema, "Huyu si ana sukari? Apimwe." Tukakimbia kupata mashine ya kupimia. Haikutoa namba. Ilitoa herufi mbili tu, HI, yaani sukari imepanda hadi mashine imeshindwa kuisoma. Tukampakia kwenye bajaji. Alilazwa siku tatu, akapona, alhamdulillah.

Pale kwenye benchi la hospitali mama yake aliniambia neno ambalo sijalisahau. Hakunilaumu. Alisema, "Ustadhi, watu wanne walinichanganya. Nilikuja kwako ili uamue."

*Waliojua maji, hawakujua kidonda*

Ndugu zangu, Imamu Abu Dawud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) habari ya Maswahaba waliokuwa safarini. Mmoja wao alipigwa na jiwe, akapasuka kichwa. Kisha akalala, akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa kwake, na hali maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), alikasirika sana. Alisema hao ndio waliomuua. Akahoji kwa nini hawakuuliza ilhali hawajui, kwani dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Hebu tuitazame vizuri habari hii. Wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa Maswahaba, wanampenda mwenzao, na walichosema kina asili katika dini: maji yakiwepo, hutayamamu. Walijua hukumu ya maji. Hawakujua hali ya kidonda. Na wakajibu kabla ya kuuliza.

Hivyo hasa ndivyo nilivyofanya mimi. Nilichomwambia yule kijana ni kweli katika vitabu: dini ni nyepesi, na aliyeshindwa hufungua. Lakini sikumuuliza hata swali moja. Sikumuuliza unachoma sindano ngapi. Sikumuuliza nani mwingine amekushauri. Sikumuuliza leo sukari yako ni ngapi. Nilimpa ruhusa ya kufungua "akishindwa", na kumbe maradhi haya yanaweza kumshinda mtu kabla yeye mwenyewe hajajua kwamba ameshindwa.

*Nani alikuwa sahihi kati ya wale watano?*

Baada ya tukio lile nilikwenda kukaa na watu wanaojua. Mimi ni mtu wa madrasa na nina stashahada ya ualimu, si daktari. Lakini mwalimu akikosea somo hurudi kusoma. Nilichojifunza ni kwamba karibu kila mmoja wetu alikuwa na kipande cha ukweli, na hivyo vipande, kila kimoja peke yake, ndivyo vilivyomlaza kijana.

*Tuanze na shangazi.* Yeye alisema kweli, ila ya ugonjwa wake. Sisi kwa Kiswahili tunasema "kisukari" au "sukari" tu, jina moja, na ndani yake kuna maradhi zaidi ya moja. Aina ya pili, ile ya watu wazima wengi, mwili bado unatengeneza insulini lakini haitoshi au haifanyi kazi vizuri. Huyo anaweza kusaidiwa na vidonge, mazoezi, kupunguza uzito na kupunguza wanga. Aina ya kwanza ni jambo jingine. Kinga ya mwili imeharibu zile chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Haipo, au imebaki kidogo mno. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani, ingawa mtu mzima naye anaweza kuipata. Haitokani na kula sukari, wala si kosa la mama.

Kabla ya insulini kupatikana, mtoto mwenye aina hii alikuwa anasubiri kufa. Iligunduliwa Toronto, Canada, mwaka 1921, na Januari 1922 ndipo alipochomwa mgonjwa wa kwanza, kijana wa miaka kumi na minne. Yaani ni neema ya miaka mia moja na ushei tu. Kwa hiyo anayemwambia mtoto wa aina ya kwanza "hiyo sindano ni mazoea", hata kama anasema kwa mapenzi, anamrudisha kabla ya mwaka 1922. Na hili linawahusu pia wanaouza mizizi na unga wa majani pale sokoni kwa maneno kwamba "inamaliza kisukari na sindano unaacha". Aliyeacha insulini kwa aina hii ya ugonjwa huanza kuugua vibaya ndani ya siku chache, wengine ndani ya saa chache.

*Muuzaji wa duka la dawa.* Yeye naye alikuwa na nusu ya ukweli. Insulini ziko za namna mbalimbali. Kuna ya kufanya kazi haraka, ya kukabiliana na chakula. Kuna ya kufanya kazi polepole, ya kuushikilia mwili muda wote, hata ukiwa umelala, hata kama hujala kitu. Ile ya chakula, kama hakuna chakula, ni kweli yaweza kurukwa kwa maelekezo. Ile ya polepole haiachwi. Sasa wengi hapa kwetu hutumia ya mchanganyiko, chupa moja yenye zote mbili ndani. Ukiruka sindano hiyo, umeruka zote mbili. Kijana wetu alifanya hivyo siku nne, na jioni anafuturu tambi, kaimati na uji wenye sukari kama wenzake.

Mwili usipopata insulini hauwezi kuitumia sukari, hata kama imejaa kwenye damu. Unaanza kuunguza mafuta, na humo hutoka tindikali inayoitwa ketoni, inayochafua damu. Dalili zake ni kiu kali, kukojoa sana, kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kupumua haraka na kwa kina, na pumzi kunuka kama tunda lililoiva sana. Mnaona jinsi inavyofanana na malaria, au na mtu aliyelemewa na saumu? Ndiyo maana mwenye kisukari akitapika mchana wa Ramadhani, kwanza apimwe sukari, mengine baadaye.

*Madaktari wawili.* Hapa ndipo watu wengi wanapovunjika moyo. Wanasema, "Hata wao wenyewe hawaelewani." Jamani, tuwe waadilifu. Kwanza, miongozo yenyewe imebadilika kadiri elimu ilivyoongezeka. Mwaka 2005 mwongozo wa wataalamu uliotumika sana uliwaweka wagonjwa wa aina ya kwanza wote kwenye kundi la hatari kubwa kabisa kwa kufunga. Mwaka 2016 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, kwa kushirikiana na wataalamu wa kisukari na Ramadhani, wakatofautisha: ambaye sukari yake haijatulia yuko hatari kubwa kabisa, na ambaye imetulia bado yuko kwenye hatari kubwa. Mwaka 2021 wakaja na njia ya kumpa kila mgonjwa alama zake: aina ya ugonjwa, ameugua muda gani, amewahi kuanguka kwa sukari kushuka, figo zake, kazi yake, anapima mara ngapi, na uzoefu wake wa kufunga huko nyuma. Alama zikiwa nyingi, anashauriwa asifunge. Zikiwa za kati, bora asifunge. Zikiwa chache, anaweza, kwa uangalizi. Basi daktari aliyesoma mwongozo wa zamani na aliyesoma wa juzi wanaweza kusema maneno mawili, na hakuna aliyesema uongo.

Pili, ushauri hufuata mtu. Sisi tunaosoma fiqhi hili si geni kwetu. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliulizwa jambo moja la mfungaji na watu wawili, mmoja akamruhusu na mwingine akamkataza, na aliyeruhusiwa alikuwa mzee, aliyekatazwa alikuwa kijana. Jambo moja, watu wawili, majibu mawili, na yote ya haki. Daktari wa hospitali alikuwa na faili la yule kijana, alijua kwamba miezi miwili nyuma alianguka shuleni sukari iliposhuka. Yule wa zahanati hakuwa na faili. Alisema "kama sukari iko vizuri", na mama akasikia "anaweza".

*Na kuna mtego mwingine mdogo, wa namba.* Mashine za kupimia zinazouzwa humu mjini si zote zinasoma kwa kipimo kimoja. Nyingine zinasoma kwa milimoli, nyingine kwa miligramu. Mmoja atakwambia sukari yake ni 6, mwingine 108, na ni ileile. Zidisha ya milimoli kwa 18 upate ya miligramu. Mtu akisoma kwenye simu kwamba "sukari ya 70 ni ya chini", na mashine yake ni ya milimoli, hatauona huo mstari maisha yake yote. Angalia maandishi madogo pembeni ya namba, na uandike kipimo kila unapoandika namba.

*Mambo ambayo hayana hitilafu*

Katikati ya tofauti zote hizo, yako mambo ambayo wataalamu wamekubaliana. Yashikeni haya:

1. Insulini haiachwi kwa aina ya kwanza, ufunge au usifunge. Kipimo na saa za kuchoma hubadilishwa Ramadhani, na kazi hiyo ni ya kliniki, si ya jirani wala ya imamu.

2. Anayefunga kwa ruhusa ya daktari lazima apime mara kadhaa kwa siku, na mchana pia. Asiyekuwa na uwezo wa kupima, asifunge.

3. Sukari ikishuka chini ya 3.9 kwa milimoli, yaani 70 kwa miligramu, fungua papo hapo, hata kama imebaki robo saa adhana iadhiniwe. Ikipanda juu ya 16.6, yaani 300, fungua pia na utafute msaada. Ukijisikia kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio au kuchanganyikiwa na mashine haipo karibu, fungua kwanza.

4. Sukari iliyoshuka hutibiwa kwa sukari: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya juisi au soda ya kawaida. Pima tena baada ya dakika kumi na tano, na kama bado, rudia. Aliyezimia asimiminiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu, akimbizwe hospitali.

Na hatari hii si ya kufikirika. Utafiti mkubwa uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 zenye Waislamu wengi ulikuta kwamba kiasi cha asilimia 43 ya wagonjwa wa aina ya kwanza walifunga angalau siku 15. Na kwa aina hiyo ya kwanza, kushuka kwa sukari kule kwa kutisha kuliongezeka karibu mara tano ukilinganisha na miezi mingine. Yaani watu wetu wanafunga, tuwaambie tusiwaambie. Bora wafunge au waache wakiwa na elimu.

*Dini imesema nini?*

Sasa tuje kwenye upande wetu sisi, maana hapa siwezi kumwachia daktari.

Katika Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185, Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na akaeleza kwamba anatutakia wepesi wala hatutakii uzito. Katika sura hiyohiyo, aya ya 195, ametukataza kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 29, ametukataza kujiua. Aya hii ya mwisho ndiyo aliyoitegemea Amr bin Al-As (r.a.) usiku wa baridi kali, alipotayamamu badala ya kuoga kwa kuchelea kufa, na Mtume (s.a.w.) alipopewa habari alicheka na hakumkemea.

Wanazuoni wa zama zetu hawakuliacha jambo la kisukari hewani. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa Sharjah mwaka 2009, likawagawa wagonjwa wa kisukari katika makundi manne kwa msaada wa madaktari, na makundi mawili ya hatari kubwa yakaambiwa yasifunge. Asome kila mmoja hapo: daktari akikwambia kwa elimu yake kwamba saumu itakudhuru, kauli yake imeingia kwenye hukumu yako. Humkimbii daktari ukaja kwangu kutafuta jibu tamu zaidi.

*Je, sindano inafunguza?* Sindano ya insulini haifunguzi. Hata katika vitabu vyetu vya Kishafii tulivyovisoma kwa walimu wetu, kinachoingia kwenye nyama ya paja hakihesabiwi kuwa kimeingia ndani ya tumbo. Na Baraza hilohilo la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1997 liliamua kwamba sindano zisizo za lishe hazibatilishi saumu. Kujitoboa kidole kupima damu pia hakufunguzi. Nasisitiza kwa sababu baadaye kijana wetu aliniambia kwa mdomo wake kwamba hata kama asingeshauriwa na duka la dawa, asingechoma mchana. Alidhani amefungua. Hakuna aliyemwambia, na mimi ndiye mwalimu wake.

*Analipa nini asiyefunga?* Anayetarajia kuweza kufunga siku nyingine, pale hali itakapotulia na kliniki ikaridhia, atalipa siku kwa siku. Huku kwetu karibu na Ikweta mchana haufupiki sana mwaka mzima, ni kiasi cha saa kumi na tatu na nusu tangu alfajiri hadi magharibi, kwa hiyo asidanganywe kwamba kuna msimu wa saumu fupi. Lakini anaweza kulipa siku moja moja, zilizoachana, na hilo ni jepesi kuliko siku thelathini mfululizo. Ambaye wataalamu wamesema saumu itamdhuru siku zote, huyo atatoa fidia: kibaba kimoja cha chakula cha mji kwa kila siku, kwetu ni mchele, na kwa tahadhari wengi hukadiria robo tatu ya kilo, apewe maskini. Asiye na uwezo hata wa hicho, Allah hamkalifishi mtu ila kwa uwezo wake. Na mtoto ambaye hajabaleghe hadaiwi saumu wala fidia.

*Daftari moja, meza moja*

Kwa familia zilizoulizwa mambo haya na zinazouliza, fanyeni hivi kuanzia kesho asubuhi. Chukueni daftari moja. Andikeni aina ya insulini, kiasi na saa anazochoma. Andikeni namba za vipimo vya siku tatu zilizopita, na kipimo chake. Kisha andikeni kila ushauri mliopewa, na nani aliyeutoa: daktari, duka la dawa, shangazi, ustadhi. Msifiche hata wa mganga.

Daftari hilo lipelekeni kliniki moja ya kisukari, ile yenye faili la mgonjwa. Hospitali zetu za rufaa hapa mjini zina kliniki hizo, na Chama cha Kisukari Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1985, kimefanya kazi na Wizara ya Afya kuanzisha kliniki za watoto na vijana wenye aina ya kwanza. Mkifika, msiulize tu "afunge asifunge". Ulizeni: Kwa hali yake yeye, hatari ni kubwa kiasi gani? Insulini ipi asiiguse na ipi ibadilishwe saa? Apime saa ngapi? Afungue kwenye namba gani? Na tukipata tatizo saa nne usiku, tumpigie nani? Majibu yaandikwe humohumo. Mkipewa ushauri mpya barabarani, jibu lenu ni moja: "Ahsante, tutaupeleka kliniki." Si kiburi hicho. Ndiko kuuliza kwa wenye kujua kulikoamrishwa katika Suratun Nahl, aya ya 43.

Ambao mmeshaanza kufunga bila kuuliza, msingoje Ramadhani ijayo. Kwa kawaida uchunguzi huu hufanywa wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, lakini kuchelewa si sababu ya kuendelea gizani.

*Na sisi wengine je?*

Jamani, watu wa mitaa yetu tunajuana. Ukimwona kijana amesimama nyuma ya kibanda saa tisa mchana anakunywa juisi, huku mikono inamtetemeka, usimkemee. Huenda pale ndipo anapotekeleza amri ya Mola wake ya kutojiua. Kama huna swali la msaada, pita.

Mama zangu, mgonjwa asiyefunga anahitaji kula kwa saa, maana sindano imeshaingia. Nyumba nyingi Ramadhani jiko haliwashwi mchana, na mama ntilie wengi wamefunga biashara. Mwekeeni chakula chake, na asile kwa kujificha chooni. Hilo nalo ni ibada kwenu.

Walimu wenzangu wa madrasa, mjue nani darasani ana kisukari. Wekeni sukari na maji kwenye kabati. Na sisi wa mimbari, tukiulizwa na mgonjwa, tuulize maswali matatu kabla ya kufungua midomo: Unatumia dawa gani? Daktari wako amesemaje? Nani mwingine amekushauri? Tusipojua, tuseme hatujui. Mimi sasa nikiulizwa huwa nakaa chini kwanza. Futari ya msikiti wapo watu wa kuiandaa.

Yule kijana amekua. Hafungi Ramadhani nzima. Kwa makubaliano na kliniki yake hulipa siku chache chache, akipima, na mwaka ambao walimkataza, hakulipa. Daftari lake ni la tatu sasa. Mwaka juzi aliniletea nilisome, na kwenye ukurasa wa kwanza wa lile la mwanzo mama yake alikuwa ameandika orodha ya wale watano. La mwisho lilikuwa jina langu, na mbele yake: "Kasema ajitahidi."

*Kazi ya leo:* Mtafute mtu mmoja unayemjua mwenye kisukari. Usimshauri kitu. Muulize tu, "Mchana unakula wapi, na ukizidiwa nimpigie nani?" Uandike jibu.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape wepesi wanaojichoma sindano kila siku ya maisha yao, wazidishie elimu wanaowatibu, na utusamehe tulichosema bila kujua. Aamin.

Kesho insha'Allah tutaendelea na adabu za kumkaribisha mgeni kwenye futari.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.